Diski D Ilikuwa Tupu

Jumapili, mchana. Baridi ya mwezi wa saba, na manyunyu yaliyoanza jana bado hayajaamua kama yatakuwa mvua.

Leo naandika kutoka kafe ya intaneti, siyo nyumbani. Nyumbani hakuna kompyuta tena. Pale ilipokuwa pamebaki meza tu, na kile kitambaa cha kufuma nilichokuwa naifunikia vumbi lisiingie. Naomi yuko mapajani kwangu na mikono yake haitulii, kwa hiyo mkiona herufi zimejipanga bila maana, mjue siyo mimi.

Asubuhi nimelia kanisani. Mchungaji alikuwa anasoma tu matangazo ya ndoa, majina ya watu nisiowajua, mimi huku nalia. Hakuna aliyeniuliza. Mjane akilia kanisani watu wanaona ni kawaida, wanakusogezea leso na kuendelea kusikiliza.

Jana sikulia. Na jana ndiyo nataka kuiandika.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mume wangu, Baba Naomi, alikuwa mpiga video. Harusi, sendofu za kuwaaga mabinti, kipaimara, ubatizo, hata misiba kama wenyewe wakitaka. Picha za mnato alipiga pia, ila moyo wake ulikuwa kwenye video. Alifariki mwezi wa tatu, kwa pikipiki, akirudi kutoka kazini upande wa Usa, nje kidogo ya mji. Hapo naomba nisiendelee. Nimeshawaeleza watu wengi habari hiyo, na kila nikiieleza inakuwa fupi zaidi, na huo ufupi nao unaniumiza.

Kwao ni Meru, kule juu ya Tengeru kwenye migomba. Mimi ni Mchaga, lakini desturi hii kwetu nayo ipo: matanga yakiisha, ukoo unakaa kugawa vitu vya marehemu. Siyo kwa ubaya. Ni ili mtu asiishe mara moja. Koti lake liendelee kutembea, jembe lake liendelee kulima. Tulikaa uani kwa mama mkwe, kitu kimoja kimoja kinatajwa, kinapewa mtu. Baba mdogo alipewa koti la mvua, lile la bluu. Wakamwambia ajaribu kulivaa, akalivaa palepale, mikono ikawa mifupi. Akasema linamtosha. Hakuna aliyembishia.

Kamera na kompyuta vikaenda kwa Simoni. Simoni ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu anayemfuata, ndiye aliyekuwa akimsaidia kubeba taa kwenye kazi kubwa. Ataendeleza kazi, na Naomi akifika umri wa shule atasomeshwa kwa mapato ya humo humo. Nilikubali. Nasema hivi kwa sababu najua wapo watakaosoma hapa na kusema mjane kanyang'anywa. Sikunyang'anywa. Mama mkwe mwenyewe alisema mbele ya watu, "Mashine iende kwa mwenye kazi. Picha za mtoto ni za mama yake."

Ila sasa, picha unazitoaje kwenye mashine? Hapo wazee walitazamana. Koti unalikunja unampa mtu. Redio unaibeba. Picha ziko ndani ya kitu ambacho ni cha mtu mwingine. Mzee mmoja akauliza kama haiwezekani kuikata mashine katikati. Watu wakacheka kidogo, cheko la kwanza tangu msiba, na mimi nikacheka.

Kumbe hakukosea sana.

Rehema anayesimamia kafe hii ndiye aliyenielekeza. Mimi shule yangu ni darasa la saba, na kompyuta nilifundishwa na mume wangu kwa mahali, siyo kwa maneno. Kiingereza kinachotokea pale kwenye kioo sikijui chote. Najua kitufe cha kwanza ni ndiyo na kinachofuata ni hapana, na mpaka hapo nimeishi vizuri tu. Rehema akanieleza kwamba kompyuta huwa inajiwekea yenyewe folda za picha, muziki na video kwenye diski C, palepale inapokaa roho yake. Wengi wetu tunaziacha hapo hapo. Tunajaza, tunajaza, mpaka mashine inashindwa kupumua. Na siku ikiugua, fundi akasema anapiga windows upya, C yote inafutwa na vya kwako vinakwenda nayo.

"Mnaweka nguo za sikukuu jikoni juu ya kuni," aliniambia, "halafu mnashangaa zikiungua."

Lakini folda zile zinahamishika. Unakliki kulia juu ya folda, unashuka mpaka chini kabisa kwenye habari zake, unatafuta palipoandikwa mahali inapokaa, unabonyeza kuhamisha, kisha unaionyesha diski nyingine. Kabla ya hapo unatengeneza folda mpya yenye jina lake ndani ya hiyo diski, kama kumwandalia mgeni chumba, maana ukiielekeza kwenye diski hivi hivi bila chumba itaishika diski nzima na kuitoa ni shida. Mwisho mashine inakuuliza: na vilivyomo ndani nivihamishe vyote? Unajibu ndiyo. Basi. Kuanzia hapo ukifungua picha zako unazikuta kama kawaida, ila zinalala nyumba nyingine.

"Kwani ina D?" aliniuliza.

Ipo. Baba Naomi aliiweka mwenyewe, muda mfupi kabla ya kufariki. Alifungua lile kasha sakafuni akaifunga kwa bisibisi, Naomi akimshikia skrubu na kuzihesabu kwa namna yake. Akaniambia, hii D itakuwa ya nyumbani. Nitahamishia vitu vyetu humo visichanganyike na vya wateja. Halafu harusi zikafuatana, na baada ya Pasaka ndiyo angepata nafasi.

Pasaka ilimkuta ameshazikwa.

Kwa hiyo mpango wa jana ulikuwa huo. Vitu vyetu vihamie D, D ifunguliwe kutoka kwenye kasha nibaki nayo mimi, na mashine iende kwa Simoni na C yake. Kuikata katikati, kama alivyosema yule mzee.

Simoni alikuja asubuhi na ndizi kutoka kwa mama mkwe na maziwa kwenye dumu. Simoni ni mtu wa utani, hata msibani alijitahidi. Akavua viatu mlangoni, akaitazama kompyuta.

"Shemeji, iwashe wewe. Mimi hii mashine hainipendi. Nikiiwasha inanikoromea kama mkwe."

"Si ulikuwa nayo juzi juzi tu?"

"Ndiyo maana naijua tabia yake."

Alikuwa nayo kweli. Wiki iliyopita alikuja siku mbili tatu kumalizia harusi moja ambayo marehemu aliiacha njiani. Bwana na bibi harusi walikuwa wanasubiri, na walisubiri kwa heshima, hawakutusumbua hata mara moja. Mimi nilikuwa sokoni na vitunguu vyangu, nikimwachia ufunguo kwa jirani.

Tukaanza na picha. Nikatengeneza chumba kwenye D, nikakipa jina PICHA ZA NYUMBANI. Nikakliki nilivyoelekezwa. Swali likaja, nikabonyeza kitufe cha kwanza. Ndiyo.

Sikujua kuhama kwa picha kunaonekana. Nilidhani ni kama kuzima taa, ziko huku, mara ziko kule. Kumbe majina yanapita moja moja, haraka, na majina yale alikuwa ameyaandika yeye. *naomi jino. naomi na ndama wa bibi. mama n anakataa picha. mama n amekubali. mvua mtaani levolosi. naomi amelala na kijiko.* Nilikuwa sijawahi kujua kwamba alizipa majina. Mimi nilikuwa naziangalia tu. Nikaweka mkono mdomoni na kuyaacha yapite.

Muziki ukahama, nao kwenye chumba chake, nyimbo za kwaya alizokuwa anarekodi kanisani. Kisha zamu ya video. Hapo Simoni alitangulia kuzitenga zilizomalizika za wateja, maana hizo ni zake sasa, ndizo atakazowaonyesha watu kuwa kazi ni hii. Zilizobaki za kwetu tukazihamisha.

Ikabidi tuangalie kama zimefika salama. Tukafungua moja, ya mwaka jana, kule kwa bibi. Naomi mdogo zaidi, amesimama kwenye nyasi, uso umejaa ndizi. Na sauti ya baba yake, nyuma ya kamera, karibu kabisa na sikio lako:

"Naomi, msalimie babu. Sema shikamoo."

Huyu wa kwenye kioo aligeuza kichwa akakataa. Huyu wa kwangu, aliyekuwa amekaa mkekani na kikombe cha maziwa, akanyoosha mgongo.

"Shikamoo," akasema.

Akasubiri. Video ikaisha. Akanitazama mimi, akamtazama Simoni, kisha akarudi kwenye kioo. Alikuwa anasubiri marahaba yake.

Simoni ndiye aliyemwitikia. "Marahaba, mama. Marahaba." Kisha akaanza kukuna jicho kana kwamba limeingia kitu.

Tukafungua nyingine, na nyingine. Na kila tuliyofungua ilikuwa hivyo. Mimi nafua. Mimi nachambua mchicha na kumfukuza kwa mkono. Naomi, Naomi, Naomi. Mama mkwe akikamua. Hata jogoo wa jirani yumo. Yeye ni sauti tu. Sogea kidogo mama Naomi, mwanga uko huku. Usicheke. Haya cheka. Picha zake za mnato ninazo, ile ya kitambulisho na chache tulizopigwa pamoja. Lakini akiwa anatembea, akigeuka, akifanya ule mtindo wake wa kuinamisha kichwa kabla ya kusema jambo? Siku tulipofunga ndoa ilikuwa katikati ya wiki, watu wachache, na mpiga video aliyekuwepo alikuwa bwana harusi mwenyewe.

Naomi hajafika miaka minne. Atamsahau. Nalisema hapa kwa sababu sijaweza kulisema popote. Atamsahau baba yake, siyo kwa kosa lake, na mimi nilikuwa nimejipa moyo kwamba humo ndani ya mashine yupo, nitamwonyesha, atamwona anavyotembea.

Nikamwambia Simoni, "Shemeji, humu hayumo."

Simoni akacheka. Nakumbuka vizuri kwamba alicheka, kwa furaha ya mtu mwenye habari njema.

"Hayumo kwenye hizi. Yumo kwenye mbichi. Wewe hujui ile karatasi yake?"

Sikuijua. Akanieleza. Mbichi ndivyo kaka yake alivyokuwa akiita video kabla hazijakatwa na kupangwa, kila kitu kamera ilichokiona tangu inawashwa. Kila kazi, kabla watu hawajaanza kuingia, Baba Naomi alikuwa anaisimamisha kamera kwenye ile miguu yake mitatu, anaiwasha, anakwenda mwenyewe kusimama mbele yake na karatasi nyeupe, ili kamera ijue nyeupe ni ipi na rangi zisiharibike. Wengine wanamtuma msaidizi asimame pale. Yeye alikuwa hamtumi mtu. Simoni akasimama kuniigizia, mikono juu, karatasi ya hewa mbele ya uso. "Halafu anaishusha, anaangalia kamera hivi, kama anaigombeza. Kila harusi, shemeji. Kila kipaimara. Akishakata video ndiyo kile kipande anakitupa, lakini kwenye mbichi kipo. Mbona atakuwepo mara nyingi sana, mpaka Naomi achoke ku..."

Akageukia kompyuta.

Mikono yake ilikuwa bado juu. Akaishusha polepole. Akakaa.

"Shemeji."

"Ndiyo."

"Mbichi nilizifuta."

Sikuelewa, au nilielewa na masikio yakakataa kupeleka. Akaendelea kuongea, akiangalia meza. Wiki iliyopita mashine ilikuwa inagoma. Kila akitaka kuhifadhi kazi inamwambia hakuna nafasi, C imejaa, ile alama yake imekuwa nyekundu. Watu wa harusi wanasubiri. Akatafuta kitu kizito cha kutoa, akaikuta folda ya mbichi, kubwa kuliko zote. Kazi zile zote zilishakatwa, zikakabidhiwa, wenyewe wanazo. Akaona ni maganda. Akazifuta, akamwaga na kapu la takataka ili nafasi irudi.

"Nilidhani ni maganda, shemeji. Nilitaka kumalizia kazi ya kaka."

Na D ilikuwa humo humo. Ndani ya kasha lilelile. Tupu kabisa, haijawahi kuwekewa kitu hata kimoja. Simoni alikuwa hajui kwamba folda inaweza kuambiwa ihame. Hata mimi nilikuwa sijui, nilijua tu mwisho wa wiki hii. Angekliki mara chache. Angejibu ndiyo.

Nilitoka nje kuanua nguo. Manyunyu yalikuwa yameshazilowesha tena na hapakuwa na maana ya kuanua, lakini nilianua, moja moja, nikazikunja mbichi hivyo hivyo. Jirani akaniita, "Mama Naomi, unakunja maji?" Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nataka kumchukia Simoni. Nilijaribu kabisa, kwa bidii, pale kwenye kamba. Nikamwona alivyobeba zile taa usiku na mchana nyuma ya kaka yake. Nikamwona siku ya mazishi akishuka kaburini kupokea jeneza. Chuki ikaja nusu, ikakwama kooni, na ile nusu sijui niifanye nini mpaka sasa.

Niliporudi ndani alikuwa hajasogea. Naomi alikuwa amemwekea kijiko chake cha uji juu ya goti, ndiyo dawa yake kwa mtu anayelia.

"Ile harusi uliyokuwa unaimalizia," nikamwambia. "Mbichi yake nayo umeifuta?"

Aliinua uso. Alikuwa hajaifuta. Asingeweza, ndiyo aliyokuwa anaikata.

Tukaifungua. Mwanzo kabisa ni giza, kisha ukumbi mtupu, viti vinapangwa, mtu anajaribu maiki kwa kuhesabu na anakosea. Halafu kutoka upande wa kushoto anaingia mume wangu. Amevaa lile koti la bluu, na mikono yake imefika sawasawa. Anatembea kwa haraka ya mtu mwenye shughuli. Anageuka, anainua karatasi, na uso wote unapotea. Ni karatasi tu na vidole vyake. Nilifikiri basi, ndiyo hivyo, tumepewa vidole. Kisha akaishusha. Akaiangalia kamera, akainamisha kichwa vilevile, akasema, "Haya." Akatoka kwa upande mwingine.

Ni kipande kifupi sana. Maji ya kunywa yanachukua muda mrefu zaidi kujaa kikombe.

Naomi akasema, "Baba ana karatasi." Kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza kwamba nje kuna mbwa. Akaomba tena. Tukarudia. Mara ya tatu alisema yeye ile "haya", kabla baba yake hajaisema.

Tukaihamishia D mbichi ile yote, nzima, na viti na mtu wa maiki. Simoni akabakisha nakala ya kukatia. Sikutaka tukate kile kipande kidogo peke yake. Namtaka na ukumbi wake.

Kilibaki kitu kimoja, na Rehema alinionya juu yake mara nyingi. Ukishaitoa D, mashine itaendelea kuzitafuta folda zake kule kule na itachanganyikiwa. Kwa hiyo unazirudisha folda mahali pake pa zamani, C, ila safari hii zirudi tupu. Mashine inakuuliza swali lilelile, neno kwa neno: vilivyomo nivihamishe vyote? Na safari hii unajibu hapana. Ukikosea, vyote vinarudi C, vinakwenda na mashine, na siku windows ikipigwa vinafutika.

Simoni akataka kushika mausi, akaona ninavyomtazama, akaiacha.

Nilibonyeza mwenyewe. Picha: hapana. Muziki: hapana. Video: nilikaa muda na kidole juu. Nilijua kwamba kitufe cha pili ndicho, nakijua kwa mahali, lakini ilikuwa kama naambiwa niseme mbele ya watu kwamba sisi hatuishi tena humu. Hapana. Folda zikarudi C. Nikafungua moja kuhakikisha, ilikuwa nyeupe, kama nyumba ya kupanga mliyoitoa vyombo na kuifagia.

Simoni akafungua kasha, akatoa D, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ni kitu kidogo, kizito, cha baridi. Nimekivingirisha kwenye sweta ya Naomi iliyombana, nikakiweka sandukuni katikati ya nguo. Yeye akaifunga mashine kwa blanketi, akaipakata kwenye teksi kama mgonjwa. Hakuniaga vizuri, na mimi sikumsindikiza. Nilisimama mlangoni tu. Kwetu mgeni hasindikizwi na mlango.

Hiyo ndiyo jana.

Leo nimekuja hapa kumweleza Rehema, nikidhani atanifariji. Badala yake amesimama. Ameniuliza kama C imeshapigwa windows. Nikamwambia Simoni amepanga kesho. Amesema faili likifutwa huwa halitoki mara moja. Nafasi yake inaandikwa tu kuwa ni wazi, na linakaa pale mpaka kitu kingine kije juu yake. Zipo programu za kuyatafuta. Mengine yanarudi mazima, mengine vipande, mengine hayarudi, na kwa kuwa Simoni alishafanya kazi humo siku kadhaa, yapo yaliyokwisha kulaliwa. Amesema anamfahamu fundi anayeweza kujaribu, na kwamba sharti ni moja: mashine isiwashwe, isiguswe, na windows isipigwe.

Amesema hivyo, amerudi kwenye kiti chake kuhudumia watu. Na mimi, badala ya kumpigia Simoni papo hapo, nimekaa hapa nawaandikia ninyi.

Ni ajabu. Uso wa mume wangu labda bado uko humo, mara nyingi, na karatasi yake, na simu iko kwenye mkoba, na sipigi. Kwa sababu nikipiga nitasikia sauti ya Simoni, na sauti yake inafanana na ile ya nyuma ya kamera. Na kwa sababu nikimwambia kuna tumaini, itabidi pia nimwambie kwamba sina kinyongo naye, na hilo sina uhakika nalo.

Nimeacha kuandika kidogo. Simu imelia, ni mama mkwe.

Nimemwamkia, akaitikia, akauliza mtoto, akauliza baridi ya mjini. Kisha akafika kwenye alichopigia.

"Simoni alirudi jana na mashine," akasema. "Ameiweka chumbani, hajaitoa kwenye blanketi. Hakula usiku. Asubuhi hakwenda kanisani. Mmekosana?"

"Hatujakosana, mama."

"Picha ulizipata?"

Hapo ningeweza kusema. Ningesema sentensi moja tu na uani kwa mama mkwe kungekuwa na kikao kingine, wazee wangeitwa, na Simoni angesimama katikati na kuitwa mfutaji wa kaka yake maisha yake yote.

"Nilizipata, mama."

"Na yeye mwenyewe yumo?"

"Yumo."

"Anatembea?"

"Anatembea. Anasema 'haya'."

Nimesikia kuku wake. Kisha amesema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mimi sina hata moja, mwanangu. Nami nataka kumwona."

Nilikuwa sijafikiria. Wakati wote huu nimewaza Naomi, nimejiwaza mimi, sikuwaza kwamba hata mama aliyemzaa ana picha ya ukutani tu. Nimemwambia nitakuja Jumamosi ijayo na diski, tutairudisha ndani ya mashine na ataona, na Simoni ndiye atakayetufungulia. Amesema sawa. Amesema atapika loshoro, kile chakula cha kwao cha mahindi na maziwa mgando.

Kwa hiyo mashine isiguswe mpaka Jumamosi, na fundi aje huko huko, aanze yeye kabla haijawashwa. Na Simoni lazima aambiwe leo, kabla hajaamka kesho na kuitoa kwenye blanketi.

Ile nusu iliyokwama kooni bado ipo. Labda haitoki kwa kusubiri itoke. Labda inatoka kwa kumezwa na kitu kingine, kama mwiba wa samaki.

Muda wangu hapa umekaribia kuisha na Naomi ameanza kusinzia. Nikifika nje nitampigia. Sijui nitaanzaje. Nadhani nitaanza kwa kumwuliza kama amekula.